Televisheni, Risiva na Spika: Someni Mgongo wa Mashine Kabla ya Kulipa



Katika makala haya tutaeleza jinsi ya kununua na kuunganisha televisheni, risiva na spika katika ukumbi wa kikundi. Risiva ni ile mashine inayopokea picha na sauti kutoka kwa king'amuzi au kicheza video, ikapeleka picha kwenye televisheni na sauti kwenye spika. Wengine huiita ampulifaya, na madukani seti nzima huitwa homu thieta. Jina si neno. Neno ni kazi yake.

Kwa nini tuandike habari hii katika jarida la maendeleo? Kwa sababu ya pesa zenu. Tuseme kikundi kina watu 20, na kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa mwezi. Baada ya miezi 10 mna shilingi 40,000. Ni pesa za mama aliyeuza maharagwe na kijana aliyebeba mizigo. Mnavuka na feri kutoka Likoni, mnaingia madukani kisiwani, mnanunua, mnarudi nyumbani kwa furaha. Jioni mnachomeka waya ukutani, moshi unatoka, na miezi 10 imekwisha kwa sekunde moja. Hayo si lazima yatokee. Na kinga yake haihitaji kisomo kikubwa. Inahitaji kugeuza mashine na kusoma mgongo wake.

Tunasema hivi: uso wa mashine hujisifu, mgongo wake husema kweli.

MGONGO UNASEMA NINI?

Karibu kila mashine ya umeme ina kibandiko nyuma au chini. Kabla ya kutoa pesa mfukoni, tafuteni mambo manne.

1. Volti. Umeme wa Kenya ni volti 240. Mashine ikiandikwa 220-240V, au 100-240V, ni salama kwenu. Ikiandikwa 100V peke yake, ilitengenezewa Japani. Ikiandikwa 120V, ilitengenezewa Marekani. Tena nyumba nyingi za Saudia zilizoea umeme wa volti 127, na wengi wetu hapa pwani tuna ndugu waliofanya kazi huko na kurudi na vyombo. Ukichomeka mashine ya namna hiyo moja kwa moja kwenye volti 240, itaungua.

Hapa kuna mtego. Muuzaji atawaambia, "Hakuna shida, nitawapa adapta." Adapta ile ndogo hubadilisha umbo la plagi tu. Vijiti viwili bapa vinakuwa vitatu vinene, lakini umeme unabaki vile vile. Kinachoshusha umeme ni transfoma, chuma kizito chenye wati zake. Wati za transfoma lazima zizidi zile za mashine. Kama mashine ni ya wati 300, chukueni transfoma ya 500. Jumlisheni bei ya transfoma katika hesabu yenu, kisha mjiulize kama mashine hiyo bado ni rahisi.

Baadhi ya mashine zina swichi ndogo nyuma ya kuchagua 110 au 220. Hakikisheni iko kwenye 220 au 240 kabla ya kuchomeka.

2. Wati. Mbele ya boksi mtaona maandishi makubwa: wati 3,000, wati 10,000! Mara nyingi karibu yake pana herufi PMPO. Hesabu hiyo ni ya kujisifu, haina kipimo kinachoaminika. Geuzeni mashine. Kama mgongo unasema inakula wati 80, itawezaje kutoa wati 3,000? Ng'ombe aliyekunywa debe moja la maji hatoi madebe 40 ya maziwa. Kipimo cha kweli cha sauti huandikwa RMS. Kwa chumba cha watu 30 au 40, wati 50 za RMS kwa kila spika zinatosha vizuri.

3. Omu. Hiki ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme upite. Alama yake inafanana na kiatu cha farasi. Fikirini mpira wa maji: mpira mwembamba unapitisha maji machache, mpira mpana unapitisha mengi. Spika ya omu 8 ni mpira mwembamba kidogo, na ya omu 4 ni mpira mpana. Risiva iliyoandikwa omu 6-16 haitaki mpira mpana zaidi ya 6. Ukiipa omu 4, inalazimika kutoa umeme mwingi kuliko uwezo wake, inapata moto, inajizima, na mwishowe inakufa.

Wengi hukosea hapa kwa nia nzuri. Wana spika mbili za omu 8, wanazifunga zote kwenye tundu moja ili sauti ienee mpaka nje. Spika mbili za omu 8 zikiwekwa sambamba huwa omu 4. Basi kila spika na tundu lake.

4. Matundu. Hesabuni matundu ya nyuma. Mnahitaji angalau tundu moja la HDMI la kuingiza, la king'amuzi, na tundu moja la HDMI la kutoa, la kwenda televisheni. Kama lile la kutoa limeandikwa pia ARC, vizuri zaidi, tutaeleza baadaye. Mashine kuukuu zisizo na HDMI zina matundu ya mviringo ya njano, nyekundu na nyeupe. Hizo pia hufanya kazi, lakini hakikisheni televisheni yenu na king'amuzi chenu vina matundu kama hayo.

MKIWA DUKANI

Msione haya kuomba mashine iwashwe. Muuzaji mwaminifu hachukii. Nendeni watu wawili au watatu, si mweka hazina peke yake. Chukueni simu yenye wimbo mnaoujua vizuri. Sikilizeni spika moja moja. Pandisheni sauti polepole, muone kama inakwaruza. Iacheni iimbe robo saa. Kama kwenye kioo cha mbele linatokea neno PROTECT na mashine inajizima, ina ugonjwa. Iacheni.

Kwa mashine ya mtumba, ulizeni rimoti yake iko wapi. Risiva nyingi haziwezi kupangwa bila rimoti. Mwisho, risiti iandikwe jina la kikundi, si jina la mtu, na namba ya mashine iandikwe kwenye risiti. Mkifika, mwiandike katika daftari la mali ya kikundi siku hiyo hiyo.

WAPI TUIWEKE?

Tuanze na nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, maana zinafundisha mengi. Nyumba za zamani za Ndia Kuu na Kibokoni zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, ukoo mmoja na kuta za Fort Jesus iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Dari zake ziko juu, zimebebwa na boriti za mikoko, na vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Nyumba hizo zina ubaridi mzuri, lakini ukuta mgumu hurudisha sauti. Maneno yanagongana, watu wanasema, "Sauti ipo, ila hatusikii anachosema." Wakipandisha sauti, mambo yanazidi kuharibika.

Dawa si wati zaidi. Dawa ni vitu laini. Tandikeni mikeka au zulia, wekeni mapazia mazito ukuta wa nyuma, wekeni mito. Watu wenyewe pia hunyonya sauti, kwa hiyo chumba kilichojaa husikika tofauti na chumba kitupu. Ukumbi wenu wa kijijini wenye sakafu ya saruji na paa la mabati una tatizo hilo hilo, na dawa ni hiyo hiyo. Ukumbi wa makuti una bahati, makuti hunyonya sauti.

Na wale mnaoishi Mji wa Kale, msitoboe kuta ovyo ovyo kutundika spika. Eneo lile linahifadhiwa, na mabadiliko ya jengo yanahitaji idhini. Tena chokaa ya zamani haishiki msumari kama saruji. Tumieni stuli au rafu ya mbao inayosimama chini.

Panga hivi:

- Televisheni katikati, kioo kikiwa usawa wa macho ya aliyekaa.
- Spika mbili za mbele, kushoto na kulia kwa televisheni, zikiwa usawa wa masikio, zikiwaelekea watu. Umbali kati yake ulingane, au upungue kidogo tu, na umbali kutoka spika hadi kwa msikilizaji.
- Spika ya katikati, kama ipo, chini au juu ya televisheni. Hiyo ndiyo inayobeba maneno.
- Spika mbili za pembeni, kushoto na kulia kwa watu, nyuma kidogo ya masikio yao, zikiwa juu kidogo ya kichwa.
- Spika ya besi, ile vijana huiita wufa, mbele sakafuni. Ukiisogeza pembeni mwa ukuta itanguruma zaidi. Kama inaudhi, itoe kwenye kona.

Kama pesa hazitoshi, nunueni spika mbili nzuri za mbele, basi. Spika mbili nzuri zinashinda tano mbovu.

KUUNGANISHA, HATUA KWA HATUA

Sheria ya kwanza: hakuna plagi ukutani mpaka waya wa mwisho umefungwa. Hata kama watoto wanapiga kelele wanataka kuona.

Hatua ya 1. Kateni nyaya za spika. Kwa umbali wa mpaka mita 10, waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha. Zaidi ya hapo chukueni wa 2.5. Msitumie nyuzi nyembamba za simu.

Hatua ya 2. Chuneni ncha ya waya kiasi cha sentimita 1, msokote nyuzi ziwe kitu kimoja. Unyuzi mmoja ukitoka nje na kugusa wa jirani, risiva inaweza kuungua. Angalieni kwa macho mawili.

Hatua ya 3. Nyekundu ya risiva kwa nyekundu ya spika, nyeusi kwa nyeusi. Kama waya wenu hauna rangi, upande mmoja huwa na mstari au maandishi. Amueni kwamba upande wenye mstari ni nyekundu, na msibadili mpaka mmalize. Mkigeuza spika moja, haitaharibika, lakini wakati hii inasukuma hewa ile inavuta, na besi inapotea. Sauti ikiwa nyembamba kama ya redio ndogo, angalieni hapo kwanza.

Hatua ya 4. King'amuzi. Tangu Kenya ilipozima matangazo ya analogi mwaka 2015, televisheni inahitaji king'amuzi, kiwe cha nje au kile kilichomo ndani yake. Cha nje toeni waya wa HDMI, uingie kwenye risiva mahali palipoandikwa HDMI IN. Andikeni kwenye karatasi ni tundu namba ngapi.

Hatua ya 5. Kutoka risiva, palipoandikwa HDMI OUT, toeni waya wa HDMI uende kwenye televisheni. Kama televisheni ina tundu lililoandikwa ARC, tumieni hilo hilo. ARC maana yake sauti inaweza kurudi kinyume: mkitazama kitu kilichomo ndani ya televisheni, sauti yake inarudi kwenye risiva kwa waya ule ule mmoja. Njia hii ilianza mwaka 2009, kwa hiyo mashine za zamani kuliko hapo hazina.

Kama ARC hakuna, angalieni kama televisheni na risiva zote zina tundu dogo la mraba lililoandikwa OPTICAL. Waya wake hupitisha mwanga, si umeme, kwa hiyo usikunjwe sana. Hata hilo likikosekana, tumieni tundu la visikizi la televisheni, na waya wenye ncha nyekundu na nyeupe uende kwenye risiva.

Hatua ya 6. Teremsheni sauti ya risiva mpaka chini kabisa. Sasa chomekeni. Tumieni plagi ya vijiti vitatu yenye fyuzi yake. Kwa risiva ya kawaida fyuzi ya 5 inatosha, na isiwe kipande cha waya kilichokunjwa, tafadhali! Kipande hicho hakikatiki, na kisichokatika huchoma nyumba.

Hatua ya 7. Washeni televisheni, kisha king'amuzi, kisha risiva. Kwa rimoti chagueni tundu mliloandika kwenye karatasi. Pandisheni sauti polepole.

KAMA HAKUNA SAUTI

Msimwite fundi bado. Angalieni haya kwanza. Je, risiva iko kwenye tundu sahihi? Mkitumia ARC, ingieni katika mipangilio ya televisheni, mwashe ile sehemu inayoitwa CEC. Samsung huiita Anynet+, LG huiita Simplink, Sony huiita Bravia Sync. Kisha chagueni sauti itoke nje, si kwenye spika za televisheni. Mkitumia waya wa mwanga na kimya kinaendelea, badilisheni aina ya sauti iwe PCM. Hapo mara nyingi sauti inatoka.

Sauti ikishatoka, ingieni kwenye menyu ya risiva mwambie kila spika iko mita ngapi kutoka kwa watu. Pimeni kwa futi ya fundi, msikisie. Sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde, na risiva huichelewesha ile ya spika iliyo karibu ili zote zifike pamoja. Mashine nyingine huja na maikrofoni ndogo inayopima yenyewe. Iwekeni mahali pa mtu wa katikati, kisha wote watoke nje wanyamaze.

KUITUNZA PWANI

Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu. Inakula shaba polepole, ncha za nyaya zinageuka kijani, sauti inakatika-katika. Kila baada ya miezi mitatu zimeni, chomoeni ukutani, fungueni nyaya, mfute ncha kwa kitambaa kikavu au mkate mpya. Wakati wa masika ya Aprili na Mei, kagueni mara nyingi zaidi.

Risiva hupata joto ikifanya kazi. Acheni nafasi ya sentimita 10 juu yake. Msiweke king'amuzi juu yake, na tunawaomba akina mama watusamehe, kile kitambaa kizuri kilichofumwa kisikae juu ya mashine iliyowashwa. Ikishapoa ifunikeni, maana mende na mijusi hupenda kulala ndani.

Umeme ukikatika, chomoeni. Unaporudi hurudi kwa kishindo. Kuna kifaa cha kukinga televisheni kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, ni vizuri kukinunua. Radi ikianza, chomoeni plagi na waya wa antena pia.

KAMA KIJIJINI HAKUNA STIMA

Fanyeni hesabu kabla. Risiva wati 150, televisheni 60, king'amuzi 15, jumla 225. Kwa saa 4 ni 900. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina 1,200, lakini ukiitoa zaidi ya nusu mara kwa mara inakufa mapema. Kwa hiyo mna 600 tu za kutumia, na kigeuza umeme nacho kinakula sehemu yake. Haitoshi. Ni afadhali ampulifaya ndogo ya volti 12, spika mbili, na televisheni ya volti 12. Jua litawamudu.

MAJIRANI NA SHERIA

Katika vichochoro vya Mji wa Kale dirisha langu linatazamana na lako. Katika nyumba za vyumba vingi za Majengo, kuta nyingine hazifiki juu kabisa, na mgonjwa wa chumba cha tatu anasikia kila neno. Besi ndiyo inayopenya zaidi, kwa hiyo usiku ipunguzeni hiyo kwanza. Adhana inapoadhiniwa, zimeni sauti. Ibada ya jirani iheshimiwe, awe wa dini gani. Hilo halihitaji sheria, ni ujirani.

Lakini sheria ipo pia. Kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zilihesabu usiku kuanzia saa 2 jioni hadi saa 12 alfajiri, na viwango vya usiku ni vidogo kuliko vya mchana.

Na mkitaka kuonyesha filamu au mpira kwa kiingilio ili kikundi kipate pesa, hiyo si matumizi ya nyumbani tena. Kuonyesha filamu hadharani kunahitaji leseni ya Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya. Biashara inahitaji kibali cha kaunti. Malipo ya king'amuzi cha nyumbani hayawapi ruhusa ya kuonyesha watu mpira kwa pesa. Ulizeni kabla ya kuanza, wekeni ada hizo kwenye bajeti. Mradi uliofungwa na polisi mwezi wa pili haulipi deni la mtu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Tunataka mashine hii kwa kazi gani: mafunzo, mikutano, au mapato? Je, kila mmoja anakubali?
2. Nani watakaokwenda kununua, na nani kati yao atasoma mgongo wa mashine?
3. Volti, wati, omu na matundu ya mashine tunayoitaka ni ngapi? Yaandikwe kabla ya safari.
4. Nani atashika ufunguo na rimoti, na mashine itazimwa saa ngapi usiku?
5. Ikiharibika, pesa za kuitengeneza zitatoka wapi? Tuanze kuziweka kando mwezi huu.

Mkishajibu hayo matano, pandeni feri.